Kuomboleza Bila ya Kusifu

Mtu akifa katika vita visivyo vyake, chini ya bendera asiyoichagua, anatudai nini sisi tuliobaki? Wahenga wametuachia maneno mengi juu ya shujaa, na mengi zaidi juu ya mwoga. Huyu wa tatu, aliyechukuliwa kwa nguvu akafa bila ya kutaka wala kukimbia, hawakumwekea neno. Makala haya yanajaribu kumtafutia mahali katika kumbukumbu zetu, na njia yatakayopita inaanzia mbali kidogo, mjini New Delhi, kabla ya kufika Kyela, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Katikati ya New Delhi limesimama tao kubwa la mawe, lenye kimo cha mita 42, ambalo ulimwengu hulijua kwa jina la India Gate. Wasafiri wetu wa visiwani, ambao tangu zamani wamezoea kwenda Bombay, wasilichanganye na lile lango la pwani ya Mumbai lililojengwa kuadhimisha ujio wa mfalme wa Uingereza mwaka 1911. Tao la New Delhi ni la wafu. Lilichorwa na Edwin Lutyens, jiwe lake la msingi likawekwa Februari 1921, na likazinduliwa Februari 1931. Linawakumbuka askari wapatao 70,000 wa jeshi la India ya kikoloni waliokufa baina ya mwaka 1914 na 1921, na majina zaidi ya 13,000 yamechongwa kutani mwake. Anayelizuru, akiinua uso kusoma maandishi ya juu, hukuta orodha ya nchi walikoangukia wafu hao: Ufaransa na Flanders, Mesopotamia na Uajemi, kisha Afrika ya Mashariki, kisha Gallipoli na kwingineko.

Mgeni atokaye kwetu hawezi kuyapita maneno hayo, Afrika ya Mashariki, bila ya kusita. Mtu wa Tanga atakumbuka Novemba 1914, pale kikosi kilichotoka India kiliposhuka pwani yake na kushindwa vibaya na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika. Lakini yapo mambo mawili ambayo tao halimwambii. La kwanza ni kwamba majina mengi yaliyochongwa pale ni ya waliokufa kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi wa India na katika vita vya Afghanistan vya mwaka 1919. Wale wa kwetu wametajiwa nchi tu. La pili, nalo ni zito zaidi, ni kwamba nchi hiyo iliyochongwa jiweni haikuwa uwanja mtupu ambao wageni walikuja kuufia. Ilikuwa na wenyewe. Na wenyewe nao walikufa, tena kwa wingi uliowapita wageni.

Tuitazame Kyela. Walio mbali huijua kwa mchele wake na kakao yake, na kwa vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema, chini ya milima ya Livingstone. Kusini yake unapita mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi. Mpaka huo ulikubaliwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mkataba ule ule uliokubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Kwa kalamu moja na siku moja, jamaa wa Songwe waligawanywa na watu wa Unguja na Pemba wakatiwa mkononi mwa mwingine. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa ng'ambo walikuwa, na wangali, watu wa asili moja na lugha inayosikilizana. Hata mto wenyewe hauuheshimu mkataba, kwani mvua zikizidi Songwe huhama mkondo wake, na shamba lililolala Tanzania huamka limo upande wa pili. Kwa ajili ya mstari kama huo watu waliamriwa kuuana.

Vita vilipofika ziwani, vilianza kama mzaha. Manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli. Husimuliwa kwamba manahodha wawili hao walikuwa marafiki, na kwamba yule wa Kijerumani, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, alikwenda kwa mashua kumuuliza mwenzake kama amelewa. Hadithi hii hupendwa sana vitabuni. Mzaha, hata hivyo, ulikuwa wa mwezi mmoja tu. Tarehe 9 Septemba Wajerumani walikwisha vuka Songwe, na Karonga pakapiganwa na pakafiwa. Mnamo Mei 1916 mambo yaligeuka: majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mto kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Nchi yote ya Wanyakyusa ikabadilisha bwana katika muda wa siku chache.

Majeshi ya wakati ule hayakwenda kwa magari. Barabara zilikuwa chache, na ng'ombe na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni bega na kichwa cha mwanadamu. Kila risasi iliyopigwa bara ilibebwa na mtu, na kila kibaba cha unga alicholiwa askari kilibebwa na mtu, naye aliyebeba alikuwa lazima ale, kwa hiyo alihitajiwa mwingine wa kumbebea yeye. Upande wa Nyasaland watu hao waliitwa tenga-tenga, na idadi ya walioandikishwa huko peke yake ilikaribia laki mbili. Kwa majeshi yote ya Waingereza katika vita vya Afrika ya Mashariki hutajwa kiasi cha milioni moja, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa waliokufa miongoni mwao ni karibu laki moja. Risasi iliwaua wachache. Waliokufa walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, kwa baridi ya milimani na kwa njaa. Wajerumani nao walikamata wapagazi na kuchukua vyakula kila walikopita, nao hawakuacha hesabu ya kuaminika ya watu waliowapoteza. Kijiji cha Songwe kiliweza kumtolea kijana Mjerumani mwaka 1914, na kumtolea mdogo wake Mwingereza mwaka 1916.

Twapenda kusema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni ya kweli, na huruma iliyomo ndani yake haina shaka. Lakini tukiitumia kwa watu wa Songwe, tuangalie inatuambia nini bila ya kukusudia. Nyasi hazina majina. Zikikanyagwa leo, masika yakija huota nyingine, na hakuna awezaye kusema ni unyasi upi uliokosekana. Mwenye kusema hivyo juu ya wapagazi amewahurumia, ila amekwisha kubaliana na yule karani wa vita aliyeandika idadi akaacha majina.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, jina la maiti lina thamani gani? Wapo watakaosema ni pambo. Mfu hasomi ukuta, na Mola anawajua waja wake bila ya orodha. Jibu hilo lina ucha Mungu ndani yake, lakini limesahau walio hai. Fikiri, msomaji, juu ya suala ambalo wanazuoni wetu wa sharia wamelijadili karne kwa karne, suala la mafkudi, yaani mtu aliyetoweka asijulikane yu hai au amekufa. Wamehitilafiana juu ya muda wa kumngoja, lakini wote wameona kwamba pana jambo zito la kuamua. Mkewe hawezi kukaa eda kwa mume ambaye kifo chake hakikuthibiti. Mali yake haigawiki. Maisha ya nyumba nzima husimama mlangoni, yakitazama njia. Na kwa Wanyakyusa, ambao msiba kwao ni kazi kubwa ya jamaa na majirani, na kaburi aghalabu huwa karibu na nyumba, mtu asiyezikwa nyumbani ameacha pengo lisilozibwa na matanga. Mamia ya nyumba za mwambao ule ziliishi hivyo baada ya mwaka 1918. Karatasi moja yenye jina na tarehe ingetosha kumruhusu mama kulia.

Jina lilikuwa pia fedha. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikulipwa, kwa kuwa warithi hawakujulikana, na warithi hawakujulikana kwa kuwa walioandikisha watu hawakujali kuandika vizuri. Serikali za kikoloni na wizara za London zilibishana miaka mingi juu ya fungu hilo, ni la nani na litumiwe vipi, ilhali wenye nalo wamo vijijini hawana habari. Askari alikuwa na afadhali. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wa zamani waliobaki hai nchini kwetu, na husimuliwa kwamba wazee waliokosa hati walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa paredi kwa Kijerumani. Aliyeshika fimbo kama bunduki alilipwa. Mwili wa askari ulikuwa umeandikwa vita, ukaweza kusomwa baada ya miaka 46. Mpagazi je, angeonesha nini? Kubeba mzigo kila mtu anajua.

Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya shaba ambayo wakazi wote huijua kwa jina la Askari. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wapagazi nao wametajwa, kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi, na maneno ya mwisho, ambayo ni ya Kipling, yanaahidi kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ina kasoro mbili. Nchi iliyopiganiwa haikuwa yao kwa maana waliyoitaka wakubwa. Na juu ya sanamu yenyewe hakuna jina hata moja. Kumwambia mtoto kwamba atalikumbuka jina ambalo wewe mwenyewe hukuliandika ni kumtwisha mzigo mwingine. Linganisha na mabaharia wa manowari Pegasus, iliyozamishwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914: wamezikwa Chapwani, kisiwa cha makaburi, mbele ya macho yetu, na wanajulikana ni nani. Hatuwaonei kijicho. Twasema tu kwamba kumbe iliwezekana.

Wala tusidhani kwamba watu wa wakati ule hawakuliona jambo hili. Mwezi Novemba 1914, baada ya damu ya Karonga, mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa nini Waafrika, ambao hawana fungu katika mali ya nchi wakati wa amani, wanaitwa kufa wakati wa vita, na akataka matajiri na wenye mashamba waende wakapigwe risasi wao, kisha akawakumbuka wajane na mayatima. Januari 1915 aliongoza uasi, na mwezi uliofuata akauawa. Leo Malawi imemweka katika fedha zake na kumtengea siku ya taifa. Alistahiki. Lakini hata heshima hiyo ni ya yule aliyekataa. Yule aliyekubali kwa sababu mnyapara alisimama mlangoni na kamba bado hana siku yake.

Kuna njia mbili rahisi za kulikwepa deni hili. Njia ya kwanza ni kusema: vita havikuwa vyetu, basi na wafu hao si habari yetu. Wengi wetu tuliokulia katika nchi huru tumeishika njia hii bila ya kuitamka. Shule zilitufundisha Majimaji, na ni vyema zilifanya hivyo, kwani pale watu walijua wanachokifia. Waliokufa na mzigo wa Mzungu kichwani walionekana kama aibu ya kufunikwa.

Njia ya pili ni kuwageuza mashujaa, na hapa tao la New Delhi latufaa tena kwa mazingatio. India ilipopata uhuru haikulivunja. Mwaka 1972, baada ya vita na Pakistan, iliwasha chini yake mwenge wa askari wake wapya. Januari 2022 mwenge huo ulihamishwa na kuunganishwa na ule wa mnara mpya wa taifa uliofunguliwa jirani mwaka 2019. Na mwaka huo huo wa 2022, kwenye kibanda cha mawe kilicho nyuma ya tao, ambamo zamani ilisimama sanamu ya Mfalme George wa Tano, ikazinduliwa sanamu ya Subhas Chandra Bose, aliyewapiga vita Waingereza. Kila zama imewavisha wafu wale nguo yake. Ufalme uliwaita watiifu, taifa likawaita watangulizi wa mashujaa wake. Wenyewe hawakuulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili. Nasi tukisimamisha sanamu Kyela na kumwita mpagazi shujaa wa taifa, tutakuwa tumemwandikisha tena kazi asiyoiomba, naye wakati anakufa taifa hilo lilikuwa halijazaliwa.

Nionavyo, ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo hoja ya makala haya: kuomboleza bila ya kusifu. Sifa ni malipo ya tendo. Maombolezo ni haki ya nafsi, hayangoji mtu afanye jambo. Tukimzika mtoto hatumsifu kwa lolote alilolitenda, na machozi yetu hayapungui. Mpagazi wa Songwe hatudai ushujaa. Anadai tukiri kwamba alikuwa mtu wa mji fulani, mwana wa fulani, kwamba alichukuliwa, kwamba aliyemchukua anajulikana, na kwamba hakurudi.

Patakuwa na wa kuuliza: na askari je? Wengi wao walikuwa Waafrika wenzetu, na ndio waliomsukuma mpagazi kwa kitako cha bunduki, kama wengine wao walivyochoma maghala ya nafaka wakati wa Majimaji. Je, nao tuwalilie? Swali hili ni gumu, na ndipo inapoonekana faida ya kuzitenganisha sifa na maombolezo. Tao huwaweka wote chini ya paa moja, likaitwa la heshima, na mwenye kusoma hawezi kujua nani alimtesa nani. Anayeomboleza bila ya kusifu hahitaji kuficha. Aweza kusema kwamba huyu alidhulumu, na kwamba yeye pia alitumiwa, akatupwa. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyelitumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto, alikwenda Ujerumani akidai mshahara wake na wa babake, na mwisho wake ulikuwa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mjini Berlin lipo jiwe dogo la shaba lenye jina lake, limepachikwa njiani. Halimwiti shujaa. Mwananchi wa kisiwa chetu, Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, amewatazama askari kama hao kwa jicho hilo hilo, jicho lisilosamehe haraka wala kulaani haraka.

Kwa upande wa wenye deni la asili, jambo fulani limeanza. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wa vita vile, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakutendewa sawa: angalau 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ilizinduliwa mjini Cape Town bustani ya nguzo za miti, kila nguzo na jina, kwa ajili ya wafanyakazi weusi wa Afrika ya Kusini zaidi ya 1,700. Majina hayo yalitafutwa baada ya karne moja, yakapatikana. Ya Songwe hayatapatikana yote, na mengi hayataonekana kamwe. Jiwe la Kyela, kama litawekwa siku moja, liseme hivyo wazi, na liache nafasi tupu kubwa kuliko maandishi.

Watu wa ziwa lenyewe hawakungoja tume. Baada ya vita ilienea pande zile ngoma ya mganda, ambayo Malawi huitwa pia malipenga, mtoto wa beni yetu ya pwani: vijana kwa mistari kama ya paredi, wana vyeo vya kijeshi, wanapuliza vibuyu vikalia kama tarumbeta. Walichukua umbo la kile kilichowaua baba zao wakakifanya chao, bila ya kumshukuru mfalme yeyote. Ngoma hiyo imehifadhi mwendo wa vita. Majina haikuweza.

Kazi iliyobaki ni ya wenye kalamu, na ndiyo maana nimeileta kwenye kurasa hizi. Utenzi wetu unajua kumwimba mpiganaji. Hemedi bin Abdallah aliiandika vita ya Wajerumani kuitwaa Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini akaiandika Majimaji, na Shaaban Robert akavipa vita vya pili vya dunia utenzi wa maelfu ya beti. Mpagazi hana utenzi. Mtungaji atakayemshughulikia atakosa jina la kuanzia, na asilibuni. Aanze na kule kukosa kwenyewe, ataje mto, mwezi na mwaka, kisha aseme ni nani waliokuwa na kalamu mkononi siku ile wasiandike.